Tatu Nukta Kumi

Mama Mizani hakuwa mtu wa kutetemeka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesimama katika chumba cha kupimia watoto, mizani mbele yake, daftari kubwa ubavuni, na watoto waliozaliwa kabla ya siku zao wakipita mikononi mwake mmoja baada ya mwingine, wengine wepesi kuliko mkate. Mama zao wakilia, yeye halii. Madaktari wapya wakibabaika, yeye huwaambia, "Daktari, vuta pumzi kwanza, mbona mtoto anavuta vizuri kuliko wewe?" Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Hata mumewe alimwita Mama Mizani, na akitaka kumchokoza humwomba ampime aone kama kitambi kimepungua.

Basi asubuhi ya Jumatano moja mwanamke huyo huyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika mkutano wa wodi, na mikono yake ilitetemeka mpaka akaikalia.

Na kilichomtetemesha, nikikwambia utacheka. Namba. Wala si namba ya gramu wala ya joto la mtoto. Namba ya kipengele cha muhtasari.

Muhtasari ulikuwa unasomwa na Mzee Nukta, karani wa hospitali, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Jina hilo alilipata kwa haki. Mzee huyu hasomi habari tu kama watu wengine. Anasoma na namba ya kila kipengele, taratibu, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Kuna daktari aliwahi kumwambia afupishe. Maneno ya daktari yule yaliandikwa kwenye muhtasari, yakasomwa mwezi uliofuata, na tangu hapo hakuna aliyethubutu.

"Tatu nukta nane," alisoma. "Mapazia ya wodi. Yafuliwe." Akasukuma miwani juu. "Tatu nukta tisa. Kitasa cha stoo. Bado kibovu." Akafunua ukurasa, akalamba kidole. "Tatu nukta kumi. Simu ya wodi."

Mama Mizani, ambaye mpaka hapo alikuwa anapambana na usingizi, alifumbua macho.

"Mzee, samahani," alisema. "Baada ya tatu nukta tisa umesema inakuja nini?"

"Tatu nukta kumi."

"Si nne?"

"Nne ya nini, mama? Mambo ya wodi hayajaisha. Kuna tisa, kuna kumi, kuna kumi na moja yakiwepo. Kumi inakuja baada ya tisa tangu babu yangu hajazaliwa."

Watu wakacheka. Muuguzi mmoja akasema, "Mama Mizani, rudi darasa la kwanza, ada tutakuchangia!" Sista Mkuu, mkuu wa wodi, mwanamke mnene mpole mwenye sauti ya kengele, naye akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akasema, "Hapo kwenye simu ongeza, Mzee: tangu Jumatatu haijalia hata mara moja. Siku mbili na ushee! Tumshukuru Mungu, watoto wetu wanakua."

Wakapiga makofi. Ndipo Mama Mizani alipoikalia mikono yake.

Ngoja nikueleze simu hiyo, maana bila simu hutaelewa kwa nini makofi yale yalimwingia kama maji ya barafu mgongoni.

Wodi ile ikimruhusu mtoto njiti kwenda nyumbani, haimwachi hivi hivi. Kila mtaa una mhudumu anayepita nyumbani kila asubuhi na mizani ndogo ya mfuko, anampima mtoto, kisha anatuma uzito kwa simu yake kwenye ukurasa wa hospitali ulioko mtandaoni. Ukurasa huo kazi yake ni moja. Mtoto akipungua siku mbili mfululizo, unapiga simu ya wodi, ile nyekundu juu ya meza ya wauguzi. Simu ikilia, gari linatoka. Isipolia, maana yake watoto wote wanaongezeka, na wauguzi wanakunywa chai yao kwa amani. Akina mama nao wameambiwa hivyo hivyo wakati wa kuondoka: tusipokupigia, lala usingizi, mwanao yuko salama.

Ukurasa aliutengeneza kijana mmoja mtaalamu ambaye wote walimwita Fundi. Fundi alipopata kazi mbali, alimkabidhi Mama Mizani, kwa sababu katika wodi nzima ni yeye peke yake aliyeandika namba bila kukosea. Alimwachia karatasi moja yenye maelekezo, mwandiko kama mguu wa kuku. Juu kabisa aliandika: *Ukurasa wetu unaendeshwa kwa toleo 3.9 la lugha ya programu. Kila miezi mitatu angalia kampuni tunayokodi nafasi kwake inakubali matoleo gani. Wakiacha kulikubali letu, watauzima.*

Na Mama Mizani aliangalia. Asije mtu akasema alikuwa mzembe, nitagombana naye. Kila miezi mitatu alifungua orodha ya kampuni, akasoma kwa kidole, akaichapa, akatia alama za vema, akatia sahihi, akaweka kwenye faili. Mara ya mwisho kulikuwa na tangazo jipya: kuanzia Jumatatu ya tarehe fulani, toleo lolote lililo chini ya 3.10 litasimamishwa. Chini yake orodha ya yanayokubalika: 3.10, 3.11, 3.12, 3.13.

Aliisoma orodha ile kama alivyosoma kila namba yenye nukta kwa miaka kumi na tisa. Mtoto wa kilo tatu nukta moja sifuri ni mtoto wa kawaida. Mtoto wa tatu nukta tisa ni bonge la mtoto, mama yake apewe pole. Kwa hiyo 3.9 iko juu ya 3.10, tena juu sana, wala haijakaribiwa hata na 3.13. Alicheka peke yake. Alikwenda kwa Sista Mkuu na karatasi mkononi, akamwambia kwa majivuno, "Hawa wenyewe ndiyo kwanza wanafika tatu nukta kumi na tatu. Sisi tumeshawapita, tuko tatu nukta tisa!" Sista Mkuu akasema, "Wodi yetu haina mchezo," akatia sahihi.

Sasa, kama baada ya tatu nukta tisa inakuja tatu nukta kumi, basi 3.9 yao ilikuwa chini, na Jumatatu ile ya tangazo ilikuwa juzi.

"Naomba nitoke, Sista," Mama Mizani alisema. "Tumbo."

"Nenda, mama, nenda. Pole."

Alitembea kwenye korido bila kukimbia, maana mtu mzima hakimbii ovyo hospitalini, akikimbia wagonjwa wanadhani kuna moto. Lakini moyo wake ulikuwa umeshatangulia mbio. Alijiambia: labda wamesogeza tarehe. Watu wa kompyuta husogeza tarehe kila siku. Labda Fundi aliwahi kubadilisha namba akasahau kuiandika. Labda mimi ndiye ninayeelewa vibaya sasa, na zamani ndiyo nilielewa vizuri. Ee Mungu wangu, niwe mjinga leo, nisiwe nilikuwa mjinga wakati ule.

Aliingia katika chumba cha mizani, akafunga mlango, akawasha kompyuta. Kompyuta ile huwaka kwa kujivuta kama mzee anayeinuka kitini, na siku hiyo ndiyo ilizidisha. Alifungua ukurasa. Mahali pa majina ya watoto palikuwa na mstari mmoja tu:

*Huduma hii imesimamishwa. Toleo 3.9 halikubaliki tena.*

Na tarehe ya Jumatatu.

Akakaa. Watoto thelathini na mmoja. Aliwajua wote kwa gramu zao. Siku mbili wahudumu walikuwa wanatuma uzito, na uzito haufiki popote, na simu zao zinaandika "inasubiri", na wao wanasema aah, mtandao leo mbovu, wanaendelea na safari zao. Siku mbili simu nyekundu imekaa kimya kwa sababu imekufa, na watu wazima wameipigia makofi kwa ukimya wake.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo pana jambo.

Daftari kubwa lilikuwa juu ya meza, karibu na kiwiko chake cha kushoto. Ndani yake, mbele ya jina la kila mtoto, palikuwa na namba ya simu ya mama yake. Mama Mizani aliliona. Aliliona kabisa. Wazo lilimjia lililo wazi kama mchana: inua simu, piga namba ya kwanza, uliza, piga ya pili. Watu thelathini na mmoja, wauguzi wanne wakisaidia, nusu saa kazi imekwisha. Lakini ukianza kupiga lazima useme kwa nini unapiga. Lazima uingie mkutanoni, usimame mbele ya Sista Mkuu na Mzee Nukta na wale wasichana waliotaka kukuchangia ada, useme: ukurasa umezimwa tangu juzi, na aliyeambiwa auangalie ni mimi, na niliangalia, nikasoma, nikaweka sahihi. Miaka kumi na tisa bila kukosea gramu moja.

Alichukua karatasi ya Fundi, akaitandaza mezani, juu ya daftari.

Nitaurudisha kimya kimya, aliwaza. Dakika kumi. Nani atajua?

Maelekezo yalisema: fungua faili ya mipangilio, tafuta mstari wenye namba ya toleo, badilisha, hifadhi, bonyeza *Sambaza upya*, subiri. Akakosea neno la siri mara mbili. Mara ya tatu likaonekana onyo kwamba akikosea tena atafungiwa, akalia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akaandika herufi moja moja huku anaitamka. Likakubali. Alipata mstari. Alifuta 3.9 na ile mikia midogo kama ya wino iliyokuwa kabla na baada yake, akaandika 3.10. Kwa nini hiyo na si kubwa zaidi? Kwa sababu ilikuwa jirani wa karibu, na mtu mwenye hofu haendi mbali na nyumbani. Akabonyeza. Akasubiri, akitazama duara linazunguka.

Nje wauguzi walikuwa wanatoka mkutanoni wakicheka. Kila kicheko alihisi ni chake.

Duara likasimama. Maandishi mekundu: *Toleo 3.1 halijulikani.*

"Tatu nukta moja nani ameandika?" aliuliza kwa sauti, peke yake chumbani. "Mimi nimeandika kumi! Kumi!"

Akafungua tena. 3.10, imekaa pale pale. Akabonyeza tena. Dakika nane nyingine, duara lile lile, na mwisho wake wekundu ule ule: tatu nukta moja. Sasa alikuwa na hakika kwamba ameua kabisa kitu ambacho mwanzo kilikuwa kimezimwa tu. Alimpigia Fundi, simu yake haikupatikana. Alimpigia tena, haikupatikana kwa sauti ile ile ya adabu. Aliisoma karatasi upya kuanzia juu, kila neno, hata yale aliyokuwa anayaruka kwa sababu hayaeleweki. Pembeni kabisa, kwa kalamu nyingine, Fundi alikuwa ameandika: *Namba iwe ndani ya alama za kunukuu, la sivyo itakula sifuri.*

Miaka miwili alikuwa anauruka mstari huo. Alidhani ni utani wa vijana.

Itakula sifuri. Ile mikia midogo ya wino aliyoifuta ndiyo alama zenyewe. Bila hizo mashine iliisoma tatu nukta kumi kama uzito, ikaona sifuri ya mwisho haina kazi, ikaitupa. Imesoma kama mimi, aliwaza Mama Mizani. Mashine nzima, nayo imesoma kama mimi. Katika siku nyingine yoyote angecheka mpaka akae chini.

Akatia alama. Akabonyeza. Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu. Tangu alipotoka mkutanoni ilikuwa imepita saa moja na nusu, na ile aliyojiahidi ilikuwa dakika kumi.

Duara likazunguka, likazunguka, likageuka kijani. Ukurasa ukafunguka, watoto wote wamo, thelathini na mmoja, na mbele yao uzito uliokuwa unasubiri ukaanza kuingia: wa Jumatatu, wa Jumanne, wa leo. Moja baada ya nyingine, namba zikishuka kwenye skrini. Mama Mizani alipumua. Alikunja mikono kifuani, akasema, "Asante, asante, asante," hata hajui anamwambia nani.

Simu nyekundu ikalia.

Aliisikia kupitia ukuta. Siku zote ilikuwa na mlio mbaya, Fundi aliuchagua makusudi ili mtu asizoee. Alipofika meza ya wauguzi Sista Mkuu alikuwa ameshaiinua, na ile sauti ya msichana wa kurekodiwa ilikuwa inasema bila haraka wala huruma: "Mtoto namba kumi na saba. Uzito umepungua siku tatu mfululizo."

"Tatu?" Sista Mkuu aliuliza simu, kama vile ingemjibu. "Mbona tatu? Ilipaswa kulia siku ya pili. Ilipaswa kulia jana!"

Mama Mizani alifungua mdomo.

"Mtandao tu huo, Sista," alisema muuguzi mmoja huku anavaa glavu. "Tangu juzi hata simu yangu inasumbua."

"Mtandao!" wakasema wengine. "Huu mtandao utatuua."

Jamani, huyo mtandao. Hana mdomo wa kujitetea wala ndugu wa kumlilia; kila mtu akiwa na mzigo wa aibu anamtwika yeye. Mama Mizani alifunga mdomo. Hakusema ni mtandao. Hakusema si mtandao. Sista Mkuu akampigia mama wa mtoto, gari la wagonjwa likatoka, naye Mama Mizani akarudi chumbani kwake, akafungua daftari, akatafuta kumi na saba ingawa alimjua. Mvulana, alizaliwa wiki nane kabla ya siku zake. Jumapili kilo mbili nukta moja mbili. Kwenye skrini namba zilizofuata: 2.05. 1.98. 1.90. Hizi alizisoma bila kukosea, na afadhali angezikosea.

Alikaa na namba hizo mpaka gari liliporudi. Watu walikuja na watoto wao, akawapima, akaandika, akasema "hongera, ameongezeka", na katikati ya kila hongera alikuwa anasikiliza mlango. Iwapo mtoto huyu akifa, aliwaza, nitajua mimi na kompyuta tu. Kisha akaogopa zaidi kwa kuona kwamba nusu ya wazo lile ilimpa faraja.

Waliingia saa nane. Mama wa mtoto alikuwa binti mdogo mwembamba, viatu vya mguu huu na huu haviwiani, amevaa kwa haraka. Mtoto alikuwa ndani ya khanga, kimya. Kitu cha kwanza ni kupima, na anayepima ni mmoja tu. Mama Mizani alimlaza kwenye mizani, na mikono yake, mikono ile ya miaka kumi na tisa, ilibidi aibane ubavuni kwanza ndipo itulie. Mtoto alikuwa baridi. Alifumbua jicho moja, akalifumba. Moja nukta nane nane.

"Nipe," alisema daktari, akamchukua.

Waliingia naye ndani. Mrija, joto, sindano nyembamba kama unywele. Mama Mizani alisimama nyuma ya kioo hata alipoitwa mara mbili. Baada ya muda daktari alitoka akivua glavu, akasema na Sista Mkuu, "Amewahi. Kwa kubanana, lakini amewahi. Angelala tena nyumbani siku moja, tungezungumza mengine. Tuone usiku wa leo." Akampiga Mama Mizani begani akipita. "Ile simu yenu imefanya kazi, mama."

Saa kumi walimruhusu binti akae karibu na mwanawe. Mama Mizani alimpelekea chai na kiti chenye mgongo. Alikusudia kuweka na kuondoka.

"Mama," binti alisema, "kaa kidogo. Naogopa kukaa peke yangu."

Akakaa.

"Nimempa jina la baba yangu," binti alisema, akimtazama mtoto kupitia kioo cha kisanduku cha joto. "Kwa hiyo siwezi kumwita jina lake. Namwita Baba. Baba, nyonya. Baba, acha kiburi." Alicheka kidogo, machozi yakamtoka. "Tangu Jumatatu alikuwa hanyonyi vizuri, mama. Anashika, anaachia. Mama mkwe akasema twende hospitali. Mimi nikamwambia hapana, tusiwasumbue bure, wale wanamwona kwenye kompyuta. Angekuwa na shida wangepiga. Jumanne nikaiangalia simu siku nzima. Hamkupiga. Nikasema basi, mwanangu yuko salama, mimi ndiye mwenye wasiwasi. Nikalala. Mama, nililala usingizi mzuri kabisa."

Mama Mizani aliitazama chai. Ilikuwa imeanza kujitandia utando juu.

Angeweza kunyamaza. Nakwambia ukweli, angeweza, na hakuna kiumbe duniani angemnyooshea kidole. Mtandao ulikuwa umeshakubali kosa.

"Simu haikulia kwa sababu yangu," alisema.

Binti aligeuka.

"Ule ukurasa ulizimwa Jumatatu. Walitangaza mapema. Mimi ndiye wa kuangalia. Nilisoma namba vibaya, nikadhani tuko salama. Siku mbili hatukuwa tunamwona mtoto wako wala wa mtu yeyote. Ulipotusubiri tupige, hapakuwa na mtu."

Alitegemea kelele. Alitaka kelele. Binti hakupiga kelele. Aliuliza pole pole kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Ulijua lini?"

"Leo. Saa tatu asubuhi."

"Mkanipigia saa nne na nusu."

"Ndiyo. Nilikuwa naurudisha ukurasa."

"Namba yangu ya simu mnayo?"

"Iko daftarini."

"Na daftari lilikuwa wapi?"

Mama Mizani alikuwa ameogopa tangu asubuhi, ameogopa kuchekwa, ameogopa kazi, ameogopa kifo, lakini swali hili dogo ndilo alilokuwa analikimbia siku nzima bila kulijua.

"Mezani," alisema. "Karibu na mkono wangu. Nililifunika na karatasi."

Binti aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. "Kwa hiyo simu ilininyamazia siku mbili," alisema. "Halafu na wewe ukaninyamazia." Akamgeukia mwanawe, akaweka kiganja juu ya kioo. "Naomba uniache na Baba."

Mama Mizani aliinuka. Hakuna msamaha ulioombwa wala uliotolewa. Kuna mambo ukiyaombea msamaha saa ile ile unamtwika mwenzako mzigo wa pili. Alichukua kikombe kilichopoa, akakipeleka jikoni, akakiosha, akakikausha, akakiweka mahali pake. Kisha akaenda ofisi ya Sista Mkuu.

Mzee Nukta alikuwa pale, amekalia ukingo wa kiti, anaonyesha muhtasari wa asubuhi ukiwa umechapwa tayari kwa sahihi. Sista Mkuu alikuwa na kalamu mkononi.

"Usitie sahihi bado, Sista," Mama Mizani alisema. Alishika mgongo wa kiti kilichokuwa wazi lakini hakukaa, kwa sababu alijua akikaa hatasema. "Mzee, kuna kipengele hakijaandikwa. Cha simu ya wodi. Kwa nini haikulia, na nilifanya nini baada ya kujua, na sikufanya nini."

Sista Mkuu alimtazama usoni, tabasamu likaondoka taratibu. Akaweka kalamu chini.

"Mkutano ulishafungwa, mama," alisema Mzee Nukta kwa uangalifu, lakini alikuwa ameshatoa kalamu yake mfukoni, ameshalamba kidole, ameshafunua. "Sawa. Kinaingia mwisho. Niandike namba ngapi?"

Mikono ya Mama Mizani ilikuwa inatetemeka tena, mbele za watu, na safari hii hakuikalia.

"Tatu nukta kumi na moja," alisema.